C3 na C4 ziko sawa, lakini meningokokasi imerudi mara ya pili: nipime nini?

AfisaKliniki_Likoni

Assalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote.

Nina mgonjwa wa miaka 15, wa kiume, ameugua homa ya uti wa mgongo mara ya pili. Mara zote mbili maabara imeotesha Neisseria meningitidis (meningokokasi) kutoka kwenye maji ya uti wa mgongo, na hii ya pili ni kundi Y. Amepona vizuri kwa ceftriaxone na kusikia kwake hakujapungua. VVU hana. Selimundu amepimwa, ni AA, yaani hana. Bandama lipo na ukubwa wake ni wa kawaida. Hajawahi kuumia kichwa wala kutokwa na maji maji puani. Wazazi wake ni mtu na binamu yake.

Niliomba C3 na C4, protini mbili za komplimenti, ule mfumo wa kinga ulio ndani ya damu. C3 ni 1.2 g/L, C4 ni 0.25 g/L, na chini ya ripoti pameandikwa "komplimenti ni kawaida". Je, niiache komplimenti nitafute kwingine? Kama kuna kipimo kingine, jeni inapimwa mwanzo au mwisho? Pia naomba mnieleze habari ya kusafirisha sampuli, maana ikitoka huku ng'ambo hadi ifike kisiwani hupita saa mbili, na foleni ya feri ikiwa mbaya hufika tatu.

Maabara_Tudor

Waleikum salaam, daktari. Usiiache kabisa. Mfumo wa komplimenti una protini zaidi ya 30. Umepima mbili, tena umepima kiasi chake tu, hujapima kazi yake. Kuona unga upo jikoni si kuonja mkate. C3 na C4 hushuka zinapotumika kwa wingi, kama kwenye lupasi (kinga kuushambulia mwili wenyewe), au zinapokosekana zenyewe. Hitilafu ikiwa chini ya C3, namba hizo mbili zitabaki nzuri maisha yote ya mgonjwa.

Na meningokokasi inayorudi inatuelekeza huko huko chini. C5 ikishakatwa, kipande cha C5b hushikana na C6, kisha C7, kisha C8, halafu C9 kadhaa hujipanga mviringo na kutoboa utando wa bakteria. Bakteria wengi humezwa na seli nyeupe hata tundu hilo lisipotobolewa. Neisseria ndiye anayehitaji kutobolewa hasa. Ndiyo sababu mtu asiye na C6, kwa mfano, hukua bila nimonia wala majipu ya ajabu, kisha akapigwa na meningokokasi mara mbili au tatu.

Omba CH50 na AH50, zote mbili kwa sampuli moja. Kwenye CH50 tunapunguza makali ya seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) kwa hatua, tunaweka chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili, tunatafuta ni kiwango gani cha seramu kinachopasua nusu ya chembe hizo. Hapo tumeijaribu njia ya kingamwili yote, kuanzia C1 hadi C9. Kwenye AH50 tunatumia chembe za sungura ndani ya bafa yenye magnesiamu na EGTA. EGTA hufunga kalisiamu, C1 inasambaratika, na inayobaki kufanya kazi ni njia mbadala peke yake. Zipo pia sahani za ELISA zinazopima njia zote tatu (ya kingamwili, mbadala na ya lektini), na majibu yake huja kwa asilimia ya seramu ya kawaida. Kwa maabara isiyopata damu mpya ya kondoo kila wiki, naona hizo ndizo bora.

Sasa sampuli, maana kwa joto letu hapa Mombasa kipimo hiki kinaharibika kabla hakijafika mezani.

Kwanza ngoja wiki 4 hadi 6 baada ya kupona, kwa sababu ugonjwa wenyewe hula komplimenti. Toa mililita 5 kwenye chupa ya kifuniko chekundu isiyo na jeli. Chupa ya zambarau usiitumie kwa CH50: EDTA hufunga kalisiamu na magnesiamu, na bila hizo komplimenti haisogei, utapata sifuri ya uongo. Acha damu igande dakika 30 hadi 60. Vitabu vinaposema "joto la chumba" vinamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba kisicho na AC mwezi wa Machi hapa kina 32 au zaidi, kwa hiyo iwekeni mahali penye AC. Msiiweke kwenye barafu kabla haijaganda. Zungusha kwa 2000 g dakika 10. Ni g, si mizunguko kwa dakika. Mashine mbili zenye mzunguko mmoja hutoa g tofauti kwa urefu wa mkono wake.

Ikishazungushwa, toa seramu papo hapo, igawe kwenye vichupa vitatu vya nusu mililita, vigandishe kwa nyuzi 70 chini ya sifuri ndani ya saa mbili tangu damu itoke mkononi. Hapo ndipo feri inakuangusha. Kwa hiyo usivushe damu nzima. Zungusheni huko huko Likoni, seramu iingie kwenye barafu kavu kabla haijatoka kituoni, ivuke ikiwa imeshaganda. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri haitoshi. Kazi ya komplimenti hupungua humo siku hadi siku, na friza zile zinazojiyeyusha barafu hupandisha joto mara kwa mara bila ninyi kujua. Stima ikipotea usiku na sampuli ikayeyuka, itupeni mtoe nyingine; kuigandisha tena ni kuwadanganya watu.

Barafu kavu isifungwe kwenye chombo kisichopumua, hewa yake itakipasua. Sanduku la stairofomu lenye kifuniko kilicholegea kidogo linafaa. Kama inaendelea kwa ndege, sanduku liandikwe UN1845 na uzito wa barafu kwa kilo, la sivyo litalala uwanjani.

Mambo mawili zaidi. Toa damu ya mtu mzima mwenye afya saa ile ile, iende sanduku lile lile. Ya mgonjwa ikirudi sifuri na ya huyu ikirudi 95%, una jibu. Zote zikirudi sifuri, umejifunza habari ya sanduku tu. La pili: asikuambie mtu kuna seramu imebaki kwenye meza ya kaswende. Kwa baadhi ya vipimo vile seramu hupashwa nyuzi 56 kwa dakika 30, na lengo la kuipasha ni kuiua komplimenti.

DaktariWatoto_Nyali

Nakubaliana na ndugu wa Tudor kwa yote. Niongeze namna ya kuyasoma majibu, kwani CH50 na AH50 zikiwekwa pamoja zinataja jina la mshukiwa karibu peke yake.

CH50 sifuri na AH50 nzuri: hitilafu iko juu, C1, C2 au C4. Hao huja zaidi na lupasi ya utotoni. Kwa wasio na C1q lupasi ni karibu kanuni. Bakteria wanaowasumbua ni nimokokasi zaidi.

CH50 nzuri na AH50 sifuri au chini sana: properdin, faktari D au faktari B, protini za njia mbadala. Kwa mtoto wa kiume fikiria properdin kwanza, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X. Hao usiwachezee. Meningokokasi yao huja mara moja na huua upesi, na mara nyingi mgonjwa hapati nafasi ya kuugua mara ya pili. Uliza kwa upole kama mama ana kaka aliyefariki ghafla kwa homa na madoa ya damu kwenye ngozi.

Zote mbili sifuri: ama C3, ambayo wewe umeiona ipo, ama mmoja kati ya C5 hadi C8. Mgonjwa wako anafanana na kundi hili. Umri wa ujana, ugonjwa kujirudia, kundi lisilo la kawaida kama Y au W, na kupona vizuri: wanaokosa sehemu hizi huugua mara nyingi kuliko watu wengine, lakini kila shambulio kwa kawaida huwa jepesi kidogo. Wazazi kuwa binamu kunaongeza uzito, kwa sababu hitilafu zote hizi hutaka nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama.

Zote ziko chini lakini si sifuri: huenda ni C9. C5b hadi C8 bila C9 bado zinapasua chembe, ila polepole. Lakini nawasihi, kwa Mombasa matokeo ya 30% au 40% ni sampuli iliyopata joto mpaka ithibitishwe vingine. Rudia kabla hujamwambia mzazi neno.

Kuna mtego mwingine mdogo: mgonjwa wa hepataitisi C anaweza kuwa na CH50 sifuri huku C3 na C4 ziko sawa, kwa sababu seramu yake inajiamsha kwenye baridi ndani ya chupa. Kwa kijana huyu si rahisi, ila kipimo cha hepataitisi C ni bei ndogo.

Ukiletewa jibu la MBL (protini inayoanzisha njia ya lektini) iliyo chini usishangilie. Mabadiliko kwenye kodoni ya 57 ya jeni ya MBL2 ni ya kawaida sana Afrika kusini ya Sahara, na wengi wenye MBL kidogo wana afya yao. Hayaelezi meningokokasi mara mbili.

AfisaKliniki_Likoni

Shukrani sana kwenu. Wiki sita zilipotimia tulitoa damu, tukazungusha hapa kituoni, ikavuka kwenye barafu kavu pamoja na ya mtu mwenye afya. Majibu: mgonjwa CH50 0%, AH50 0%. Mwenye afya 94% na 101%. Tukarudia kwa damu nyingine, matokeo yale yale. Sasa ndiyo wakati wa jeni?

Jenetiki_Mtwapa

Jibu zuri sana hilo, na mtu mwenye afya ndiye aliyeliokoa.

Jeni bado kidogo. Kati yako na jeni kuna hatua ya bei nafuu: kujua ni protini gani haipo. Njia ya kwanza ni kupima kiasi cha C5, C6, C7, C8 na C9 moja moja kwa kingamwili zake. Ya pili ni ya zamani na bado naipenda: changanya seramu ya mgonjwa na seramu inayojulikana kukosa kijenzi kimoja, halafu rudia CH50. Seramu isiyo na C7 ikichanganywa na ya mgonjwa na upasukaji ukarudi, maana yake mgonjwa ana C7, tatizo si hilo. Ile isiyorudisha kitu, hiyo ndiyo inayokosa kile kile anachokosa yeye. Kichupa chako cha tatu cha nusu mililita kinatosha kwa kazi hii.

Ukishapata jina, jeni inasomwa kwa lengo. C6, C7 na C9 ziko jirani kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 5. C5 iko kwenye 9. C8 ni ya kuangalia zaidi kwa sababu imejengwa na jeni tatu, C8A na C8B kwenye kromosomu ya 1, na C8G kwenye 9.

Kwa mgonjwa wa Kiafrika msisahau C5 na C6. Huko Western Cape, Afrika Kusini, watafiti wameonyesha kwamba badiliko moja la C5, ambapo alanini ya nafasi ya 252 imekuwa threonini, ni sababu muhimu ya meningokokasi inayorudi. Kukosa C6 pia kunapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Japani wao shida yao ni C9, karibu mtu mmoja kwa kila 1000, na wengi wao hawaugui kamwe. Kwa hiyo usichukue orodha ya mabadiliko iliyotengenezwa kwa watu wa mahali pengine ukadhani inatosha hapa. Agiza jeni isomwe yote, si vituo vichache vilivyochaguliwa.

Sampuli ya DNA haisumbui. Mililita 3 kwenye chupa ya zambarau, hukaa siku kadhaa kwenye friji ya kawaida bila shida. DNA ni ngumu, protini ndiyo laini. Ila usiigandishe ndani ya chupa ya kioo.

Ripoti ikirudi na maneno "badiliko lenye maana isiyojulikana", usilitangaze kuwa ndilo lililosababisha ugonjwa. Hifadhi za data zina Waafrika wachache, kwa hiyo badiliko ambalo ni la kawaida kabisa Pwani linaweza kuonekana adimu huko. Lipime kwa mambo matatu: protini yenyewe haipo kwenye damu, mgonjwa ana nakala mbili, na baba na mama kila mmoja ana moja. Yakikutana yote matatu, una hoja. Wazazi wakiwa binamu mara nyingi utakuta badiliko lile lile pande zote mbili. Wakiwa hawana udugu tafuta mabadiliko mawili tofauti, na hakikisha hayakutoka kwa mzazi mmoja.

Niseme na jambo moja kwa wanaosoma uzi huu kwa ajili ya figo au macho. Hayo niliyosema kuhusu kusoma jeni hayatoshi kwa faktari H, protini inayoizuia komplimenti isizidi. Jeni yake, CFH, na majirani zake CFHR1 hadi CFHR5 wanafanana mno, na usomaji wa vipande vifupi huwachanganya. Kufutika kwa CFHR3 na CFHR1 huonekana vizuri kwa MLPA (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni), na ni jambo la kawaida sana kwetu: Nigeria kumepatikana kwenye zaidi ya nusu ya kromosomu. Kufutika huko kunapunguza hatari ya ugonjwa wa figo wa IgA, na wakati huo huo mwenye nakala zote mbili zilizofutika yuko karibu zaidi na kingamwili dhidi ya faktari H, zinazoharibu figo kwa kuganda kwa damu kwenye mishipa midogo. Badiliko moja, faida na hasara. C4A na C4B, jeni mbili za C4, ndiyo mbaya zaidi; zinafanana kwa zaidi ya 99%, na idadi ya nakala hutofautiana kati ya mtu na mtu, hivyo hapo unahesabu nakala, husomi tu herufi.

Pwani_Msomaji

Samahani kuingilia. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nimesikia komplimenti inakinga watoto wa Pwani na malaria. Kuna ukweli?

Jenetiki_Mtwapa

Upo, mwalimu, na umetoka hapa karibu. Protini inaitwa CR1, inakaa juu ya chembe nyekundu. Chembe yenye kimelea huitumia kushikana na chembe nzima zikawa fundo, na mafundo hayo huziba mishipa midogo, hata ya ubongo. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2018 uliangalia maumbo mawili ya CR1. Umbo la Sl2 lilihusishwa na kupungua kwa malaria ya ubongo na vifo. La McCb lilielekea upande wa pili. Tena kinga ya Sl2 ilionekana kwa watoto wasio na thalasemia ya alfa (hitilafu ya kurithi ya himoglobini) tu. Somo zuri kwa darasa lako, lakini si kipimo cha kliniki, na neti haiachwi kwa sababu yake.

Chanjo_Makupa

Daktari wa Likoni, shikamoo. Wakati mnasubiri jina la protini, kijana huyu asikae bila kinga. Chanjo haingoji jeni.

Anatakiwa apate chanjo ya meningokokasi ya makundi A, C, W na Y (ACWY) ya konjugeti, yaani iliyounganishwa na protini, dozi mbili, wiki 8 kati yake, na nyongeza kila miaka 5. Chanjo hii hapa mjini hufuata msimu wa hija, kwa kuwa Saudia huitaka angalau siku 10 kabla ya kuingia. Karibu na hija inapatikana, baadaye huadimika, kwa hiyo pigeni simu mapema. Someni pakiti: kama ni polisakaraidi (sukari ya ganda la bakteria) tupu, si hiyo. Na mtu akisema "dozi moja inatosha, mahujaji wanapata moja", mwambieni msafiri ana C5 hadi C9 zake zote, huyu hana. Chanjo haimrudishii protini. Inampa kingamwili nyingi ili seli nyeupe zimeze bakteria ambao tundu halikuwaua, na kingamwili hizo hupungua kwa miaka.

Kundi B halimo kwenye ACWY. Chanjo yake ni nyingine, ikipatikana apewe. Zote zikae nyuzi 2 hadi 8. Ikishaganda imeharibika, msiiweke ikigusa barafu.

Penisilini ya vidonge, 250 mg mara mbili kwa siku, huongezwa kwa wale ambao ugonjwa umeshawarudia, ila uamuzi huo aufanye daktari wake pamoja na familia, kwa sababu ni dawa ya miaka.

Mwandikieni kadi akae nayo, kwa Kiswahili na Kiingereza: "Anakosa komplimenti ya mwisho. Homa yoyote kali: toa damu ya kuotesha, anza ceftriaxone mara moja, usingoje majibu." Askari wa lango la hospitali usiku hawezi kujua habari za C6, lakini kadi atampelekea daktari.

AfisaKliniki_Likoni

Marahaba, dada, na ahsante. ACWY ya kwanza atachanjwa wiki hii. Ana dada wawili na kaka mmoja, wote wazima. Niwapime jeni?

Maabara_Tudor

Wapime CH50 kwanza, wote siku moja, kwa utaratibu ule ule. Kila mmoja ana uwezekano wa robo kuwa kama kaka yao, na wasichana wako sawa na wavulana kwa kuwa si ya kromosomu X. Atakayerudi sifuri achanjwe kama yeye hata kama hajawahi kuugua. Atakayerudi kawaida ni salama kwa ugonjwa huu, lakini bado anaweza kuwa na nakala moja mbovu. Mwenye nakala moja CH50 yake mara nyingi haitofautiani na ya mtu mwingine, hivyo swali la wanandugu kuoana baadaye litajibiwa na DNA, baada ya badiliko la kijana huyu kujulikana.